Chuo Kikuu cha Lúrio

Chuo Kikuu cha Lúrio (UniLúrio) ni chuo kikuu cha umma cha kaskazini mwa Msumbiji, chenye makao makuu jijini Nampula. Kilianzishwa mwaka 2006 na kuanza kufundisha mwaka 2007, Jorge Ferrão akiwa mkuu wake wa kwanza. Kimechukua jina la mto unaotenganisha mikoa ya Nampula na Cabo Delgado. Sayansi za afya hufundishwa Nampula, kilimo Unango mkoani Niassa, na uhandisi Pemba, mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado. Pengine upekee wake mkubwa ni mpango wa “Mwanafunzi Mmoja, Familia Moja”: wanafunzi wa afya huzitembelea kaya walizopangiwa na kufuatilia afya zao. Lugha ya kufundishia ni Kireno.