Usile Wala Usinywe: Historia ya Mfungo Kabla ya Upasuaji

Mgonjwa anayesubiri kufanyiwa upasuaji kwa nusukaputi huambiwa: "Kuanzia saa sita usiku usile wala usinywe." Agizo hili ni fupi na linaeleweka. Hata hivyo, ndani yake mna makatazo mawili, la chakula na la kinywaji, na historia inaonyesha kwamba hayakuzaliwa siku moja.

Sababu ya mfungo huu ni ya kweli. Dawa ya usingizi hulegeza misuli na kumnyima mgonjwa uwezo wa kukohoa. Yaliyomo tumboni yakipanda hadi kooni, yanaweza kuingia mapafuni. Chakula kigumu huziba njia ya hewa, na tindikali ya tumbo huunguza mapafu.

Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Mwaka uliofuata, James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu. Tarehe 28 Januari 1848, Hannah Greener, msichana wa miaka 15, alifariki karibu na Newcastle, Uingereza, alipopewa klorofomu ili aondolewe ukucha wa kidole cha mguu. Simpson alidai kwamba kilichomuua si dawa, bali maji na brandi aliyotiwa kinywani ili azinduke. Chanzo cha kifo hicho kinabishaniwa hadi leo, lakini hatari aliyoitaja Simpson ipo.

Mwaka 1883, daktari mpasuaji Joseph Lister aliandika kuwa tumbo lisiwe na chakula kigumu wakati wa kutoa klorofomu, ila ni vema mgonjwa apewe kikombe cha chai au mchuzi wa nyama saa mbili hivi kabla. Kwa Lister, basi, kula na kunywa vilikuwa mambo mawili tofauti.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1946. Curtis Mendelson, daktari wa uzazi mjini New York, alichapisha uchunguzi wa wajawazito 44,016. Kati yao, 66 waliingiwa na vitu vya tumboni katika mapafu, na wawili walifariki. Wote wawili walikabwa na chakula kigumu. Mendelson pia aliwafanyia majaribio sungura na kuonyesha jinsi tindikali inavyodhuru mapafu. Katika miongo iliyofuata, tahadhari iliyotokana na wajawazito walio katika uchungu ilienezwa kwa karibu kila mgonjwa, na maji yakaunganishwa na chakula katika katazo moja.

Kwa nini katazo hilo lilidumu? Kwa sababu lilirahisisha kazi. Ratiba ya upasuaji hubadilika, na sentensi moja kwa wote ni nyepesi kuliko kumpangia kila mgonjwa saa yake. Lakini gharama yake hulipwa na mgonjwa. Aliyefunga tangu saa sita usiku, kisha akaingizwa chumba cha upasuaji saa nane mchana, amekaa saa 14 bila tone la maji. Kwa mtoto mdogo, hiyo si kiu tu. Sukari ya mwili nayo inaweza kushuka.

Katika miaka ya 1980, watafiti, wakiwemo wa Calgary nchini Kanada, waliwapa wagonjwa maji saa mbili au tatu kabla ya upasuaji na hawakukuta maji yakiongezeka tumboni. Mwaka 1999, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo: vinywaji visivyo na maziwa wala chembechembe, kama maji na chai ya rangi, viruhusiwe hadi saa mbili kabla, maziwa ya mama saa nne, chakula chepesi saa sita. Upasuaji wa dharura na wagonjwa ambao matumbo yao huchelewa kumeng'enya hubaki na masharti yao, na mgonjwa hapaswi kujiamulia mwenyewe.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, wataalamu walikuwa wamerudi kwenye kikombe cha Lister. Katazo la chakula limethibitika. La maji lilidumu kwa mazoea. Kwa hiyo, neno la kuchunguzwa katika agizo lile la wodini ni "wala".