Herufi N na Jibu la Mtumiaji: Historia Fupi ya Amri ya read katika Skripti za Unix

Mwaka 1979 maabara za Bell nchini Marekani zilitoa Toleo la Saba la mfumo endeshi wa Unix, likiwa na sheli iliyotungwa na Stephen Bourne. Katika sheli hiyo, amri ya read iliiwezesha skripti, yaani faili lenye mfululizo wa amri, kusimama, kumsubiri mtumiaji aandike mstari mmoja, kisha kuuhifadhi mstari huo katika kigeu. Hivyo skripti iliweza kuuliza kabla ya kutenda, kwa mfano kabla ya kufuta mafaili.

Utaratibu uliozoeleka ukawa kupima herufi ya kwanza ya jibu kwa kufuata Kiingereza: y ni kukubali, n ni kukataa. Kwa Kiswahili kipimo hicho hupindua maana, kwa kuwa "ndiyo" huanza kwa n. Anayekubali kwa lugha yake huhesabiwa kuwa amekataa. Naye anayeandika "hapana" hutegemea jinsi mtunzi alivyoyashughulikia majibu asiyoyatarajia.

Kiwango cha POSIX cha mwaka 1992 kiliweka ruwaza za kukubali na kukataa, yesexpr na noexpr, katika mpangilio wa lugha, nje ya programu yenyewe. Hata hivyo, skripti inayotaja y na n moja kwa moja haifaidiki na mpangilio huo. Kwa hiyo, taasisi zinazoagiza mifumo ya Kiswahili zina sababu ya kudai mambo mawili: neno zima lipimwe badala ya herufi moja, na jibu lisipotambulika, swali liulizwe upya pasipo kutekelezwa lolote.