Omiya: Tarehe ya Kijiji Kilichowekewa Masharti na Msonobari

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama, moto ukafuata, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Miongoni mwa walionusurika walikuwamo mafundi wa bonsai, yaani miti inayolelewa vyunguni na kupogolewa hadi ipate sura ya mti mzee huku ikibaki na kimo cha kuwekwa juu ya meza. Bustani zao zilikuwa Tokyo, upande wa Dangozaka katika mtaa wa Sendagi. Mwaka 1925 baadhi yao walianza kuhamia Omiya, kama kilomita 30 kaskazini, wakafyeka msitu na kuanzisha kijiji ambacho leo ni mtaa wenye jina rasmi la Bonsai-cho katika jiji la Saitama. Wasimulizi wengi wa habari hizi huanza na tetemeko na kuishia nalo: janga liliwafukuza, wakapata pa kukaa. Lakini tetemeko linatueleza tu kwa nini waliondoka. Halitwambii kwa nini hawakutawanyika kila mtu kwa ndugu zake, kwa nini walichagua msitu badala ya kiwanja kingine mjini, wala kwa nini walijifunga kwa masharti ambayo wahamiaji wa kawaida hawayahitaji. Majibu ya maswali hayo yamo katika mahitaji ya miti waliyoibeba, na hasa msonobari.

Msonobari ni mti wa jua. Ukiufunika kwa kivuli cha ukuta, matawi ya chini hudhoofika kwanza, na hayo ndiyo yanayoupa mti mdogo sura ya uzee. Isitoshe, tawi la msonobari likiachwa bila sindano hata moja kwa kawaida hufa, tofauti na miti mingi ya majani mapana ambayo hukatwa ikachipua upya. Kwa hiyo fundi hana nafasi kubwa ya kujaribu na kurekebisha. Tazama kazi inayofanyika leo kwa msonobari mweusi, kuromatsu. Mwanzoni mwa kiangazi fundi hukata machipukizi yote ya mwaka ule penye shina lake, ili mti utoe mengine yenye sindano fupi. Katika njia moja inayofuatwa sana, hayakati yote siku moja. Huanza na yale dhaifu, akangoja siku kama kumi, akakata ya wastani, na baada ya muda kama huo akayamalizia yenye nguvu. Dhaifu likitangulia hupata siku nyingi zaidi za kukua, na kufikia vuli yote huwa yamelingana. Vuli ikifika, huchukua kibano na kung'oa sindano za zamani moja moja, akiacha nyingi kwenye matawi ya chini na chache kileleni, kwa sababu nguvu za mti hukimbilia juu. Mti uliochoka haukatwi kabisa mwaka huo. Na msonobari wa sindano tano, goyomatsu, haufanyiwi hivyo, kwa kuwa huchipua mara moja tu kwa mwaka. Machipukizi yake hupunguzwa kwa vidole wakati wa masika. Juu ya yote hayo kuna maji: chungu kifupi katika joto la Julai hukauka mara kadhaa kwa siku, na fundi aliyefiwa au kuugua hawezi kuuambia mti usubiri.

Sasa yasome masharti ya kijiji yaliyowekwa mwaka 1928. Kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi. Lango lake liwe wazi kwa yeyote anayetaka kuingia. Asijenge nyumba ya ghorofa. Mpaka wa kiwanja uwe ua wa miti hai. Sharti la ghorofa linalinda jua la jirani. Ua wa miti hai unapitisha hewa ambayo ukuta wa matofali ungeizuia. Bonsai kumi zinahakikisha kwamba kila nyumba ina mtu anayejua kumwagilia na kupogoa, hivyo mwenye dharura ana pa kukimbilia. Lango lililo wazi linamfanya fundi atazamwe na wenzake mwaka mzima, na katika kazi ambayo kosa la leo huonekana baada ya miaka mitano, jicho la jirani ndilo mwalimu wa haraka kuliko matokeo.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni kuwatafutia wafanyabiashara hekima wasiyokuwa nayo: lango liliachwa wazi ili wateja waingie, na marufuku ya ghorofa ilikuwa kulinda mandhari ya kuuzia. Ni kweli kwamba walikuwa wafanyabiashara, na hawakuwa na sababu ya kuona haya. Lakini biashara peke yake ingewarudisha Tokyo, waliko wanunuzi. Walikwenda walikopata ardhi pana, maji safi na hewa isiyo na moshi, vitu ambavyo jiji lililokuwa likipanuka lilikuwa limeanza kuwanyima hata kabla ya tetemeko. Mteja alifuata mti. Mti haukumfuata mteja.

Kufikia katikati ya miaka ya 1930 kijiji kilikuwa na bustani kama 30. Mwaka 1934 maonyesho ya Kokufu yalifunguliwa katika jumba la sanaa la Ueno, Tokyo, na bonsai ikaanza kuhesabiwa miongoni mwa sanaa za taifa. Kisha vita vikaja. Vijana waliitwa jeshini, na kulea miti ya mapambo kukaonekana anasa isiyostahili wakati wa shida. Bustani kadhaa zilifungwa. Zilizobaki zilipokea baada ya 1945 wageni wasiotarajiwa, wakiwamo watu wa jeshi la Marekani lililoikalia nchi, na kutoka hapo ujuzi ukaanza kuvuka bahari. Saburo Kato wa bustani ya Mansei-en, mtoto wa mmoja wa waanzilishi, ndiye aliyeongoza shirikisho la kimataifa la bonsai lilipoundwa mwaka 1989, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika Omiya.

Pingamizi zito zaidi ni hili: bustani zilizosalia leo hazizidi vidole vya mikono miwili. Kama masharti yalikuwa mazuri hivyo, mbona kijiji kimepungua? Jibu ni kwamba masharti yalilinda miti, hayakulinda ardhi. Tokyo ilipomeza vitongoji vyake, thamani ya kiwanja ilipita thamani ya vilivyomo, na makubaliano ya majirani hayana nguvu mbele ya soko la nyumba. Hata hivyo miti haikufa na bustani zake. Mwaka 2010 jiji la Saitama lilifungua jumba la makumbusho ya bonsai hapohapo Omiya, na wajibu uliokuwa wa majirani ukawa wa umma. Nalo si jambo geni katika historia ya msonobari. Katika bustani ya Ritsurin, Takamatsu, kuna goyomatsu uliokuwa bonsai, zawadi ya shogun Tokugawa Ienari kwa mtawala wa eneo hilo mwaka 1833; ulipandwa ardhini na leo ni mti mkubwa unaopogolewa na watumishi wa bustani ya umma. Na mjini Washington upo msonobari uliolelewa tangu 1625, ulionusurika bomu la Hiroshima katika bustani ya familia ya Yamaki, ukatolewa kwa Wamarekani mwaka 1976. Mikono imebadilika, lugha imebadilika, kazi ni ileile.

Wapo pia wanaoona kupogoa huku ni kuutesa mti. Anayesema hivyo aeleze ni vipi mti uliokatwa, kufungwa waya wa shaba na kubanwa chunguni kwa karne nne ungali unachipua kila masika. Mti unaoteswa hauishi hivyo. Fundi mzembe huuharibu, na ndiyo maana waliohamia Omiya hawakutaka afanye kazi nyuma ya ukuta.

Hivyo tetemeko lipewe haki yake na lisizidishiwe. Liliwahamisha watu, kijiji kilijengwa na masharti, na masharti yalitokana na mti unaoishi kuliko anayeulea. Ufundi wowote ambao kazi yake haimaliziki katika umri wa mtu mmoja unahitaji kwanza majirani waliokubaliana, kabla ya kuhitaji fundi hodari.