Kiazi Ndani ya Kikombe cha Kahawa

Kahawa inayouzwa Kiwanja, mashariki mwa Kongo, zaidi ya kilomita 70 kaskazini mwa Goma, ina njia mbili: kushuka Goma kwa mnunuzi mwenye karatasi, au kupenya mpakani Ishasha au Bunagana hadi Uganda. Mnunuzi wa magendo hupima kwa mizani tu. Haonji.

Kuonja ndiko kunakopandisha bei, na desturi hiyo ilianzia mbali. Miaka ya 1880, San Francisco, dalali Clarence Bickford alionyesha kwamba punje zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana kabisa kikombeni. Kahawa ya Kongo nayo ilihukumiwa ng'ambo, na aliyeilima hakuambiwa sababu ya bei yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliuza nje takriban tani 120,000, nyingi zikiwa robusta. Mashamba yalikuwa yameshadhoofishwa na utaifishaji wa 1973; ugonjwa wa mnyauko na vita vikamaliza kazi.

Rwanda ilitangulia kuamka. Mradi wa PEARL, ulioanza 2001, ulisaidia kujenga vituo vya kuoshea na kufundisha waonjaji wenyeji, na mwaka 2008 nchi hiyo ikawa ya kwanza Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence. Upande wa pili wa Ziwa Kivu, nchini Kongo, wanaume wa Minova walikuwa wakivusha kahawa usiku kwa mitumbwi, na wengi walizama. Hapo ndipo Joachim Munganga alipoanzisha ushirika wa Sopacdi. Mwaka 2014 Bukavu ikapata shindano lake, Saveur du Kivu.

Kwenye meza ya waonjaji kazi ni ya subira. Gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi, vikombe vitano kwa kila sampuli. Baada ya dakika kama nne mwonjaji anavunja utando wa juu kwa kijiko, pua ikiwa karibu kuguswa na kahawa. Kisha anafyonza kwa kelele ambayo mama yeyote angeikemea. Alama kamili ni 100. Zikifika 80, kahawa inaitwa ya daraja maalumu.

Kwa nini vitano? Katika Maziwa Makuu jibu ni kiazi. Mdudu antestia hutoboa tunda, na punje ya tunda hilo huweza kutoa harufu ya kiazi kibichi. Kwa macho huenda isionekane na kasoro yoyote. Punje moja huharibu kikombe kimoja, vinne vikabaki safi, na mnunuzi wa Ulaya akaogopa kontena zima. Kasoro hii, naamini, imewapunguzia bei wakulima wa Kivu hata mahali ambapo kahawa yao ni tamu kuliko ya jirani.

Mwonjaji akikuta kiazi kwenye kikombe cha tatu, kituo chenye daftari nzuri hufungua ukurasa: kahawa hii iliingia siku gani, kutoka mlima upi. Agronomu anapanda pikipiki kwenda kutafuta miti isiyopogolewa, maana antestia hupenda kichaka, na huku nyuma akina mama wanaochambua wanaambiwa watupe kila punje yenye tundu.