Platinamu: Madini yatakayoamua kama mabasi ya hidrojeni yatafika Thika

MSAFIRI aliyekwama kwenye msongamano wa magari Ruiru huenda asijue kwamba amezungukwa na platinamu. Chini ya magari mengi ya mitumba kutoka Japani kuna kisafisha-moshi chenye gramu chache za madini hayo na jamaa zake, paladiamu na rodiamu, isipokuwa pale fundi alipokwisha kukitoa na kukiuza.

Madini hayo ndiyo moyo wa seli ya hidrojeni, mtambo unaozalisha umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni, huku ukitoa maji na joto pekee. Platinamu haitumiki kama mafuta. Ni kichocheo tu. Upande mmoja wa seli huipasua hidrojeni kuwa protoni na elektroni, kazi ambayo ni nyepesi. Upande wa pili kuna oksijeni, nayo ni kaidi. Mmenyuko wake huenda polepole mno, na huko ndiko platinamu nyingi huhitajika.

Gharama ndiyo iliyokuwa kizingiti tangu awali. Mwaka 1965, seli hizo zilipotumika katika chombo cha anga cha Marekani, Gemini 5, zilihitaji zaidi ya miligramu 20 za platinamu kwa kila sentimita ya mraba. Safari za anga hazibani matumizi. Kufikia mapema miaka ya 1990, watafiti wa maabara ya Los Alamos walikuwa wameshusha kiasi hicho hadi chini ya nusu miligramu, kwa kutumia chembe ndogo mno zilizotawanywa juu ya unga wa kaboni. Chembe ya namna hiyo ina upana wa nanomita chache, hivyo atomi nyingi hukaa juu, ambako kazi hufanyika, badala ya kuzikwa ndani.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuichanganya platinamu na madini ya bei nafuu. Mwaka 2007 kundi la Vojislav Stamenkovic nchini Marekani lilionyesha kuwa uso mmoja wa fuwele ya platinamu na nikeli ulichochea mmenyuko wa oksijeni mara 10 kuliko uso kama huo wa platinamu tupu. Toyota nayo ilitumia platinamu na kobalti katika gari lake la Mirai, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2014.

Hata hivyo, kasi si kitu bila uimara. Nikeli na kobalti huyeyuka taratibu katika asidi ya seli. Chembe za platinamu nazo humomonyoka na kushikamana kila umeme unapopanda na kushuka, jambo ambalo basi la kusimama na kuondoka kila kituo, kutoka Ruiru hadi Thika, lingelisababisha mara nyingi kwa siku. Isitoshe, salfa iliyo katika moshi wa dizeli huidhuru platinamu, na barabara hiyo haina uhaba wa moshi.

Ndiyo maana hatushangai kwamba kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers mjini Thika, kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland, kilipoanza mwaka 2024 kuunganisha mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo, mabasi hayo yalikuwa ya betri. Kwa safari isiyozidi kilomita 50 kutoka Nairobi, betri inatosha. Hidrojeni ingefaa zaidi malori ya mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba, ambayo hayawezi kusubiri kuchajiwa kwa saa nyingi.

Mkakati wa hidrojeni uliozinduliwa na Kenya mwezi Septemba 2023 wenyewe uliweka mbolea mbele ya magari. Kwa kazi hiyo platinamu si lazima: mitambo ya alkali, ambayo hupasua maji kupata hidrojeni, huweza kutumia vichocheo vya nikeli.