Mji Uliokawia: Mikindani, Mtwara na Ahadi za Bandari

Manispaa ya Mtwara-Mikindani imebeba majina ya miji miwili, na aliyeyapanga alimtanguliza mdogo mbele ya mkubwa wake. Mikindani ilikuwa bandari yenye soko, misikiti na nyumba za mawe zamani ambapo Mtwara, iliyo mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka hapo, haikuwa ila vijiji vya wavuvi kando ya ghuba yenye maji marefu; na lau si karanga, labda ingalibaki hivyo hata leo. Kadhia ya miji hii miwili ni kadhia ya mji mmoja ulioahidiwa mara nyingi, ukakawia kila mara, na ya majirani waliotakiwa kuungoja.

Ghuba ya Mikindani ni duara lenye mlango mwembamba, imezungukwa na mikoko na minazi, na ni kimbilio zuri la vyombo vya tanga. Majahazi yaliingia na kaskazi, yakatoka na kusi, yakichukua mtama, sandarusi, pembe na mpira, na pia, maana haifai kuficha, watumwa walioletwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. David Livingstone alishuka katika ghuba hii Machi 1866 aanze safari ambayo hakurudi kutoka kwayo akiwa hai. Wajerumani walijenga boma lao jeupe juu ya mji mwaka 1895, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga chini yake nyumba zenye roshani na milango ya nakshi. Mji wa namna hiyo haukuwa na sababu ya kudhani kwamba maendeleo yatakapofika yataupita na kwenda kupiga hema kwa jirani.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na dhiki ya mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Tume ya John Wakefield ilizunguka kwa ndege na kwa gari, ikarejea na hesabu ya ajabu: ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107, kila moja ekari 30,000, na sehemu kubwa kuliko zote ikiwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Kusini, hata hivyo, hakukuwa na bandari ya meli kubwa wala reli. Kwa hiyo lililoitwa shamba likawa pia gati, njia ya garimoshi kwenda Nachingwea, maghala, ofisi, maduka na nyumba za wafanyakazi. Yaani mji mzima uliotakiwa kusimama kwa pamoja, kila sehemu yake ikiitegemea nyingine. Mlango wa Mikindani ulionekana mwembamba na maji yake haba, ghuba ya Mtwara ikapendelewa, na mafundi wakaanza kupima barabara pana za mji ambao wakazi wake walikuwa hawajazaliwa.

Mambo yakaenda mrama upesi. Gati halikuwa tayari, mitambo ikashushwa kwa shida upande wa Lindi. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, na mizizi ya pori ikayashinda. Mvua nazo hazikufuata hesabu ya London. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi na kufuta hasara ya pauni milioni 36. Ajabu ni kwamba kazi ya bandari iliendelea, kwa kuwa ilikwisha kufika mbali mno kuachwa, na gati la Mtwara likakamilika katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, zuri, lenye kina, wala karanga za kupakia hazipo. Reli iliyokuwa ilishe gati hilo ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa.

Vitabu vingi vinavyosimulia mkasa huu vinakoma hapo, kwenye hasara ya walipa kodi wa Kiingereza. Hasara ya Mikindani haikuandikwa katika daftari lolote, nayo kwa rai yangu ilitokana na kukawia zaidi kuliko kushindwa. Makao ya utawala yalihamia Mtwara, na wenye maduka wakafuata wateja wao mmoja baada ya mwingine. Waliobaki hawakujua kama wanabaki katika mji au katika kitongoji. Atakaye kulifahamu jambo hili na azitazame nyumba zenyewe. Ukuta wa Mikindani ni wa mawe ya matumbawe na udongo, umepakwa chokaa nje na ndani, na dari yake imelazwa juu ya boriti za mikoko. Ukuta huo unadumu miaka na miaka kwa sharti moja, kwamba upakwe chokaa upya kila mvua zinapoula, na bamba la juu lisiachwe na ufa. Mwenye nyumba anayejua kwamba atakaa atapaka. Anayejua kwamba atahama atauza, na mnunuzi atapaka. Asiyejua hili wala lile huahirisha masika moja, kisha la pili. Maji yakaingia kwa juu, yakashuka kimya ndani ya ukuta, boriti zikaoza pale zilipoingia ukutani, na siku dari inapoanguka mkuyu umekwisha kutia mizizi dirishani. Magofu mengi ya Mikindani hayakubomolewa na adui yeyote. Yaliachwa na watu waliokuwa wanangoja habari.

Habari zenyewe zilikuja kwa vipande. Korosho ziliipa bandari kazi ya msimu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji viliifanya mipaka ya Ruvuma kuwa mahali pa hatari. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu, na kabla yake msafiri wa Dar es Salaam alikuwa mateka wa kivuko na matope. Mwaka 2004 nchi nne zilitia sahihi mapatano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, na reli ya kwenda Mbamba Bay ikaanza kutajwa katika hotuba, ambako ingali inatajwa.

Kisha ikaja gesi. Ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, ikaanza kutumika baada ya miaka zaidi ya 20, na ugunduzi wa bahari kuu uliofuata mwaka 2010 ukawasha tamaa isiyo kifani. Viwanja vikapanda bei, nyumba za wageni zikachipuka, kodi zikawashinda walimu na manesi. Mwenye shamba la minazi akaambiwa asiuze kwa haraka, na mwenye haraka akauza. Ilipobainika kwamba bomba litaichukua gesi hadi Dar es Salaam, watu waliandamana Mtwara tarehe 27 Desemba 2012, na neno lao lilikuwa fupi: haitoki. Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa bungeni, fujo zikazuka, mali zikachomwa, watu wakapoteza maisha, na jeshi likaingia mitaani.

Kuchoma nyumba ya mtu hakuna hoja ya kukutetea, wala si uongo kwamba gesi ni ya taifa zima. Lakini waliowaita watu wa Mtwara wachoyo walianza kuhesabu mwaka 2012, ilhali wenyewe walianzia kwenye gati lisilo na karanga. Bomba, lenye jumla ya kilomita 542 pamoja na tawi la Songo Songo, lilizinduliwa Oktoba 2015. Kiwanda cha kusindika gesi ya bahari kuu kikapangiwa Likong'o, Lindi, nako bado kinangojwa. Na viwanja vingi vilivyonunuliwa kwa pupa vikarudia upupu.

Yaliyotimia yana sura nyingine. Shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, lilikarabati boma la 1895 mwishoni mwa miaka ya 1990, likawa hoteli inayofunza vijana kazi; jambo dogo, ila lilikamilika. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa 2015, na malori yake hupita Mikindani usiku na mchana, yakifuatwa siku hizi na malori ya makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma. Vumbi la makaa limezaa mpango wa bandari ya peke yake kwa mizigo michafu huko Kisiwa Mgao, kaskazini ya Mikindani. Mimi siupingi. Lakini kabla ya alama ya rangi kupigwa kwenye mnazi wa mtu, na apewe kwa maandishi siku ya kulipwa fidia na siku ambayo, kazi isipoanza, shamba litakuwa lake tena bila ya kuomba. Maana akijua siku hiyo ataweza kuamua mapema kama masika yajayo apake chokaa au afunge mizigo.