Kutoka Mtama hadi kwenye karatasi ya urais: safari ya Bernard Membe

Uchaguzi mkuu ukikaribia, kuna swali ambalo hurudi kila mara, kuanzia Somanga hadi Mchinga: mbunge akikubalika jimboni na akawa waziri mkubwa, kinachomzuia kuwa Rais ni nini? Ili tulijibu vizuri, tuifuate safari ya mtu wa mkoa wetu wa Lindi, marehemu Bernard Kamillius Membe.

Alikoanzia

Membe alizaliwa mwaka 1953 huko Rondo. Alifanya kazi serikalini, ikiwemo katika ubalozi wetu nchini Canada, kabla ya kurudi nyumbani kugombea ubunge wa Mtama kwa tiketi ya CCM mwaka 2000. Alishinda, akashinda tena 2005 na 2010. Ni miaka 15 bungeni.

Mwaka 2006 aliteuliwa naibu waziri, na Januari 2007 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, nafasi aliyokaa nayo hadi 2015. Wizara hiyo ina historia yake. Benjamin Mkapa, jirani yetu wa Masasi, aliwahi kuiongoza kabla ya kuwa Rais mwaka 1995. Jakaya Kikwete aliiongoza miaka 10, kisha akawa Rais mwaka 2005. Ndiyo maana wengi waliamini kwamba zamu ya Membe imefika.

Mchujo wa 2015

Mwaka 2015 wanachama karibu 40 wa CCM waliomba kugombea urais. Majina hayo hayakuja kwetu wananchi. Yalipita kwenye vikao vitatu Dodoma. Kamati Kuu ilibakiza matano, la Membe likiwemo: yeye, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikapiga kura kubakiza matatu, na hapo Membe akaachwa. Mkutano Mkuu ukamchagua Magufuli.

Edward Lowassa, ambaye jina lake halikufika hata kwenye tano bora, alihamia CHADEMA na kugombea mwaka huohuo. Membe alibaki CCM.

Jaribio la pili, 2020

Februari 2020, Kamati Kuu ya CCM ilimfukuza uanachama kwa tuhuma za kukiuka maadili ya chama. Julai akajiunga na ACT-Wazalendo, chama ambacho mwaka huo kilimpokea pia Selemani Bungara, maarufu kama Bwege, aliyekuwa mbunge wa Kilwa Kusini kupitia CUF. ACT kikampitisha Membe kugombea urais.

Lakini kampeni zikiendelea, viongozi wa juu wa chama hicho, akiwemo Maalim Seif Sharif Hamad, walitangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Membe alisisitiza kuwa bado ni mgombea. Jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura, ila bila nguvu ya chama nyuma yake. Matokeo rasmi yalimpa kura 81,129. Magufuli alitangaziwa zaidi ya milioni 12.5 na Lissu zaidi ya milioni 1.9. Wapinzani waliyapinga matokeo hayo, lakini Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa.

Membe aliondoka ACT, akarudi CCM mwaka 2022, na akafariki dunia Mei 2023. Alizikwa kwao Rondo.

Katiba inasemaje?

Ibara ya 39 inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe na umri wa miaka 40, awe na sifa za kuwa mbunge, na awe mwanachama wa chama kilichompendekeza. Hakuna mgombea binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha, ilisema katazo hilo linavunja haki za raia, katika kesi aliyokuwemo Mchungaji Christopher Mtikila. Hata hivyo sharti hilo limebaki.

Uwaziri mkuu una njia nyingine. Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa mbunge wa Ruangwa, aliupata Novemba 2015 kwa kuteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge. Hakuhitaji kura za nchi nzima, ila ilimlazimu kwanza awe mbunge wa jimbo.

Jambo la kukumbuka

Watu wa Mtama walimpa Membe kura zao mara tatu, na zikamfikisha bungeni. Kuanzia hapo, walioamua ni wajumbe wa vikao vya chama. Sisi wengine, siku ya kupiga kura, tunachagua kati ya majina ambayo tayari yameshachujwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama una kadi ya chama chochote, nenda kwenye tawi lako ukaulize: wajumbe wa mkutano mkuu wanapatikanaje, na anayetoka wilayani kwetu ni nani? Huyo ndiye anayepiga kura kabla yako.